Naomba ushauri: Ushongo au Nungwi, nikiwa na watoto na bibi yao?

Habari zenu wakuu. Niko Moshi, Desemba nataka kuwapeleka wanangu watatu baharini. Hawajawahi kuiona. Wa mwisho, miaka 4, kila jioni ananiuliza kama maji yake yana chumvi kweli, anataka ayaonje mwenyewe. Bibi yao naye yumo, na magoti yanamsumbua.

Mimi nawaza Ushongo, Pangani: tunashuka na gari letu kupitia Same na Segera, hakuna habari za boti za baharini. Mama watoto anataka Zanzibar. Paje naiogopa, maji yakipwa yanaenda mbali mno. Nungwi hayakimbii hivyo, ila nauli ya boti watu sita jamani!

Mliofika Ushongo na watoto, pakoje maji yakijaa? Bibi atapata kivuli karibu na maji?