Mrejesho: Baraza ya mbao iliyokuwa inateleza

Wakuu, salaam. Mwezi wa kumi niliuliza nifanyeje na baraza ya mbao nyuma ya nyumba yetu huku Seattle: mvua za baridi zikianza inageuka kijani, na mama mkwe alikuwa amekataa kabisa kuikanyaga.

Aliyesema tatizo ni utando wa mwani (ule ukijani unaoota juu), si mbao zenyewe, alipatia. Nilitumia ile poda ya oksijeni ya kutoa madoa ya nguo, nikaikoroga kwenye maji ya uvuguvugu, nikamwaga na kuiacha robo saa. Kisha nikasugua kwa brashi ngumu ya nailoni kufuata urefu wa mbao, nikasuuza. Brashi ya chuma niliiepuka, maana vinyuzi vyake hubaki na kutia kutu. Mashine ya maji ya kasi nayo hapana: huchana nyuzi za mbao, na mwani hupata pa kujishikiza.

Kazi ya kuchosha ilikuwa kuchokoa majani yaliyoziba nafasi kati ya mbao. Mgongo uliniuma! Lakini sasa maji yanashuka chini badala ya kutuama.

Kwenye ngazi nimefunga vipande vya alumini vyenye chengachenga za kukwaruza, kwa skrubu zisizoshika kutu. Siku za barafu namwaga mchanga mkavu. Chumvi ya kuyeyusha barafu siitumii, maana hula misumari.

Mafuta ya mbao yanasubiri Julai, mbao zikauke kwanza. Mama mkwe sasa anatoka, ila bado anashika ukuta.