Rauta yao imenibania poti, na sasa wamenihamisha anwani ya IP bila kuniambia

Wadau, leo imenifika shingoni. Niko Free Area, Nakuru. Nyumbani nina seva ndogo, kompyuta kuukuu ya mezani niliyoitia diski mbili na Linux. Humo mna picha zetu za familia, na humo ndimo mna hesabu za duka la mamangu la dawa za mifugo kule Njoro: nani kachukua dawa ya kupe kwa deni, imebaki mifuko mingapi ya chakula cha ng'ombe. Mama anafungua simu dukani, anaingia kwenye seva, anaandika. Amefanya hivyo zaidi ya mwaka bila shida.

Balaa ilianza na rauta mpya ya kampuni yangu ya intaneti. Fundi alikuja akang'oa ile ya zamani, akaweka hii. Nafungua ukurasa wa kuelekeza poti, yaani milango yenye namba ambayo wa nje hupitia kufika kwenye seva yangu, nakuta nafasi 8 tu. Poti ziko 65,535, mimi nimepimiwa 8! Tena 443, ambayo kila kivinjari huitumia kwa tovuti salama, inakataa kabisa kwa sababu kampuni imejiwekea ili iingie kwenye rauta kutoka ofisini kwao. Rauta iko sebuleni kwangu, inakula stima yangu, lakini nywila ya msimamizi mkuu hawanipi. Niliomba waigeuze iwe daraja tu, ipitishe intaneti bila kuisimamia, nichomeke rauta yangu mwenyewe nyuma yake. Nikajibiwa hiyo ni ya wateja wa biashara.

Nikameza. Nikahamishia huduma poti 8443, nikamwekea mama anwani mpya kwenye simu.

Jumatatu iliyopita mama akapiga, mteja amesimama mbele yake. "Mwanangu, kitabu hakifunguki." Kuangalia rauta, anwani ya IP ya upande wa nje, yaani namba inayoitambulisha nyumba yangu kwenye intaneti, inaanza na 100.72. Wanaojua mitandao wameshaelewa. Anwani za 100.64 hadi 100.127 zilitengwa mwaka 2012 ili kampuni za intaneti ziwarundike wateja wengi nyuma ya anwani moja ya umma. Ukishatiwa humo, wewe unatoka vizuri, lakini wa nje hawezi kukufikia. Hata ufungue poti zote kwenye rauta yako, ni mlango wa chumba umeachwa wazi na geti la ploti limepigwa kufuli, ufunguo anao mwenye ploti.

Najua anwani za IPv4, zile za mfumo wa zamani, ni kama bilioni 4.3 tu kwa dunia nzima, na hazitoshi. Kwa hilo sina ugomvi na mtu. Ninachokasirikia ni kuhamishwa kimyakimya. SMS za ofa zinaingia kila siku, hii hawakuona haja ya kuituma. Na kama anwani ni haba, IPv6, mfumo mpya wenye anwani tele, iko wapi? Imeandikwa tangu miaka ya 1990. Kwenye rauta hii sehemu yake ipo, imezimwa, na kitufe cha kuiwasha wamekifunga!

Nimepiga simu mara 5. Zima rauta, subiri dakika 2, washa. Mmoja akaniuliza kama YouTube inafunguka. Inafunguka, dada, lakini mimi sikupiga kwa ajili ya YouTube. Wa mwisho ndiye aliyenielewa, akaniambia nilipe nyongeza kila mwezi nipewe anwani ya umma ya kudumu. Yaani kitu nilichokuwa nacho mwezi jana, leo nauziwa. Wakati wa kutia sahihi hakuna aliyenitajia habari ya poti wala anwani, niliambiwa kasi na bei basi.

Kwa sasa nimekodi seva ndogo Ujerumani na kupitisha kila kitu humo kwa WireGuard, programu ya kuunganisha mashine kwa njia ya siri. Deni la chupa moja ya dawa linatoka Njoro linakwenda Ulaya ndipo lirudi Nakuru, na Njoro na Nakuru hazipishani hata kilomita 30. Mama analalamika ukurasa unakawia, na ana haki. Mimi nalipa bili mbili.

Mlio Lanet, Section 58, Milimani na Pipeline, ingieni kwenye rauta zenu mtazame anwani ya upande wa nje. Kama iko kati ya 100.64 na 100.127, andikeni hapa mtaa wenu na mwezi mliohamishwa. Nataka kwenda ofisini kwao na karatasi yenye zaidi ya malalamiko yangu peke yangu. Na kama kuna aliyekubaliwa kuweka rauta yake mwenyewe akiwa kwenye kifurushi cha nyumbani, tafadhali aseme alimwambia nani na alisemaje.