MREJESHO: 8 toa 3 iliyokuwa ikileta 6

Wakuu, niliuliza kuhusu mtoto wa darasa la kwanza hapa Tanga anayepata 8 toa 3 ni 6. Mlilenga: alikuwa anaihesabu na 8 yenyewe, "nane, saba, sita", vidole vitatu vimeisha. Sasa "nane" inatajwa ngumi ikiwa imefungwa. Kidole cha kwanza kinafunguka kwa "saba". Anafika 5.

Komwe za bao kwenye kipande cha trei ya mayai ndiyo kiboko. Kata mistari miwili upande wa matundu 5, upate matundu 10 (si wa 6, kumi itapotea). Kwa 8 + 5, komwe 8 ziko ndani; kati ya zile 5, komwe 2 zinajaza trei, 3 zinabaki nje: 13. Kwa 13 toa 5 bado anasuasua. Anaondoa 3 za nje, anasahau 2 za ndani.