Kubandika maandishi bila fonti za kwingine: Notepad, Ctrl+Shift+V au mipangilio ya Word?

karani_wa_zamu
Wakuu, naomba tulinganishe. Kazi yangu ni kukusanya maandishi kutoka kwenye tovuti, barua pepe na PDF na kuyaweka kwenye faili moja la Word. Nikibandika kwa Ctrl+V yanakuja na mizigo yake yote: fonti, rangi, viungo, hadi kivuli cha kijivu nyuma ya herufi. Nimesikia njia tatu, hizo za kwenye kichwa. Ipi inamfaa mtu anayebandika kutwa nzima?

mzee_wa_notepad
Notepad, ile programu ndogo ya Windows ya maandishi matupu. Bandika humo, Ctrl+A, Ctrl+C, rudi Word. Haibagui toleo wala programu.

fundi_vitufe
Shikamoo mzee. Njia yako ni ya uhakika ila ina mzunguko mrefu. Halafu Notepad ya sasa ya Windows 11 imeanza kutambua herufi nzito na mlazo, kwa hiyo anayeitegemea azime fomati kwenye mipangilio yake.

Ctrl+Shift+V hubandika maandishi matupu, na inafanya kazi kwenye Chrome, Firefox, Google Docs na Word ya Microsoft 365. Tatizo ni Word za zamani, kama 2016: humo vitufe hivyohivyo hubandika fomati uliyoinakili kwa Ctrl+Shift+C, si maandishi. Mtu anabonyeza, maandishi hayaji, analaumu kibodi. LibreOffice Writer nayo inataka Ctrl+Alt+Shift+V, vidole vijipange wenyewe.

Kwa Word za zamani na mpya: Ctrl+V, achia, bonyeza Ctrl peke yake, kisha T, yabaki maandishi matupu.

mhariri_mkimya
Nyote mnafuta kupita kiasi. Maandishi matupu yanaondoa fonti, sawa, lakini yanaondoa pia majina ya vitabu yaliyowekwa kwa mlazo, na hayo utayatafuta moja moja. Badala ya T bonyeza M. Word itachukua fonti na ukubwa wa pale ulipobandika, lakini herufi nzito na za mlazo zitabaki. Kwa makala ndefu sioni mshindani.

bi_jedwali
Sisi wa Excel tuna shida nyingine: ukinakili seli, fomula inakuja nayo na kuanza kusoma seli zisizohusika. Ctrl+Alt+V, kisha V, kisha Enter, unabaki na thamani tu. Ila usibandike juu ya fomula zako mwenyewe na kuhifadhi, kwa sababu hesabu haitajisasisha tena.

karani_wa_zamu
Asanteni. Na mipangilio je? Tena maandishi ya PDF yananikatikia kila mwisho wa mstari hata nikitumia T.

mhariri_mkimya
Mipangilio iko File, Options, Advanced, sehemu ya kukata, kunakili na kubandika. Kuna mistari minne. Badilisha ule wa maandishi yanayotoka programu nyingine tu, uweke Keep Text Only. Ukiubadili na ule wa ndani ya faili lilelile, kila aya utakayohamisha itapoteza herufi nzito zake.

PDF ni suala jingine kabisa. Zile ni alama za mwisho wa aya, hazihusiani na fomati, ndiyo maana hata Notepad haiziondoi. Chagua sehemu hiyo tu, bonyeza Ctrl+H ya kutafuta na kubadilisha. Humo ^p ndiyo alama ya mwisho wa aya. Kwanza badilisha ^p^p iwe ## ili aya za kweli zisipotee, pale zinapotenganishwa na mstari mtupu. Kisha ^p iwe nafasi moja. Mwisho ## irudi kuwa ^p. Nafasi ngumu (zisizoruhusu mstari kukatika) zinazotoka kwenye tovuti zitafute kwa ^s.

nakili_mara_moja
Hakuna aliyetaja Windows+V, orodha ya vitu ulivyonakili? Kwa mkusanyaji ndiyo ya kwanza. Nakili vipande vyote kwanza, kisha vibandike kwa mpangilio unaotaka. Inashika hadi 25, na ukiwasha upya kompyuta vinabaki ulivyovibana (pin) tu. Mara ya kwanza itakuomba uiwashe.

fundi_vitufe
Kweli, ila nywila uliyoinakili inaweza kubaki humo ikisomeka. Kwenye kompyuta ya kushirikiana mimi siiwashi.

karani_wa_zamu
Nimebadili ule mstari wa programu nyingine, na M naiweka kwa makala zenye mlazo. Vipande vipya vinaingia safi. Kijivu kilichokwishaingia kwenye faili nakitoaje?

fundi_vitufe
Chagua aya zenye kijivu, si faili zima, maana Ctrl+Space inafuta fomati ya herufi pamoja na uzito na mlazo ulioweka mwenyewe. Kivuli kikiwa cha aya nzima, ongeza Ctrl+Q. Kikigoma kabisa, huenda kiliwekwa kwa kalamu ya kuangazia. Hicho kinatoka kwa kitufe cha kalamu yenyewe, chagua No Color.