CFI, CFII au MEI: nianze na ipi, na mtihani nifanyie ndege gani?

Mwewe_wa_Meru
Habari zenu wakuu. Niko Florida kwa viza ya F-1, na nikimaliza shule OPT (kibali cha kazi cha mwanafunzi) inanipa miezi 12 tu ya kazi. Leseni ya kibiashara ninayo, injini moja na mbili, pamoja na reitingi (kibali cha nyongeza kwenye leseni) ya kuruka kwa vyombo. Sasa nataka ualimu ili nikusanye saa. Wapo wanaosema nianze MEI (ualimu wa injini mbili) kwenye Seminole, ndege ya injini mbili, kwa kuwa saa za injini mbili ndizo zina soko. Wengine wanasema CFI (ualimu wa kawaida, injini moja) kwenye Cessna 172. Mmoja ananivuta kwenye CFII (ualimu wa kuruka kwa vyombo), eti huko hakuna mazoezi ya kona kama chandelle wala lazy eight. Hela ni ya kuungaunga, mzee kashauza kiwanja. Ushauri tafadhali.

Mzee_wa_Rubaa
Kijana wangu, kabla ya kubishana fungua logibuku, daftari lako la saa za kuruka. FAA (mamlaka ya anga ya Marekani) inataka saa 15 za PIC, yaani ukiwa rubani mkuu, katika kundi lile lile la ndege unaloombea ualimu. Kwa injini moja huna shida. Injini mbili je? Wengi hupata reitingi hiyo kwa saa chache, tena zile za mafunzo kabla ya kufaulu huwezi kuziandika PIC. Afadhali ni kwamba ukishafaulu, saa unazoshika usukani ukijifunza MEI zinahesabika. Lakini unazilipia kwa bei ya Seminole!

Halafu mtihani wa kwanza wa ualimu ndio mzito, uanze na reitingi yoyote ile. Maswali ya mdomo pekee yanaweza kula nusu siku. Ukiangushwa kwenye 172, kurudia kunauma kidogo. Kwenye Seminole utauza kiwanja cha pili.

BintiWaAnga
Shikamoo mzee, nakazia. Ila CFII kwanza msiidharau, wapo waliopita njia hiyo vizuri. Kasoro yake ni kazi: ukiwa na CFII pekee unafundisha vyombo kwa mtu ambaye tayari ana leseni ya ndege hiyo. Mwanafunzi anayeanza humgusi, na hao ndio wengi shuleni. Kumbuka pia, kwenye OPT ukifikisha jumla ya siku zaidi ya 90 bila kazi, hadhi ya viza inaingia matatani. Chukua kile kitakachokuajiri haraka.

Mwewe_wa_Meru
Shikamoo mzee, ahsanteni wote. Shule ina Archer (Piper ya injini moja) nyingi kuliko 172, na kuna mtu ananiambia lazima nikodi Arrow ya magurudumu ya kukunja.

Rubani_Kibarua
Huyo wa Arrow kapitwa na wakati, sharti hilo FAA waliliondoa Aprili 2018. Fanyia Archer kama ndiyo utakayofundishia, ukae kiti cha kulia mpaka mikono izoee. Isipokuwa spini tu (zoezi la ndege kuporomoka ikizunguka): kwa Archer hairuhusiwi kabisa. Kodi 172 iliyopakiwa ndani ya mipaka ya utility (mipaka ya uzito inayoruhusu spini), mwalimu akusainie, rudi kwenye Archer yako. Si lazima spini na mtihani viwe kwenye ndege moja.

Na kagua makaratasi ya ndege mwenyewe. Ukaguzi wa mwaka ukiwa umepita hata kwa siku moja, mtahini anakurudisha nyumbani. Mimi huwa naandaa hesabu za uzito za ndege ya pili pia, maana ya kwanza hupenda kuharibika asubuhi ya mtihani.

Mzee_wa_Rubaa
Mwewe, hujajibu. PIC za injini mbili zinafika ngapi?

Mwewe_wa_Meru
Kumi hazifiki, mzee.

Mzee_wa_Rubaa
Basi CFI, halafu CFII, MEI ukishaanza kulipwa. MEI ukiwa tayari na CFI haina mtihani mwingine wa maandishi. Saa 50 za injini mbili ambazo ATP (leseni ya marubani wa mashirika ya ndege) inadai, nyingi utazipata ukiwafundisha wenzako. Ila soma "critical engine" (injini ambayo ikizimika ndege huwa ngumu zaidi kuidhibiti) hata kama Seminole haina, kwa kuwa propela zake zinazunguka pande tofauti. Mtahini atauliza tu.

BintiWaAnga
Na mtahini mtafute sasa hivi, usisubiri uive. Foleni yao kwa huko Florida ni balaa.