Jibini zipi zinafaa kwa mlo baridi wa baa za Uingereza?

Swali
Salamu, ndugu zangu. Jumapili ijayo nitawakaribisha watu sita hapa Uingereza, nami nataka kuwaandalia ule mlo baridi wa baa uitwao ploughman's lunch, yaani chakula cha mchana cha mlimaji: mkate, jibini, vitunguu vya achari, chatne, tufaha na bia. Mara mbili nimesimama mbele ya kabati la jibini dukani nikaondoka mikono mitupu, kwa jinsi aina zilivyo nyingi. Ninunue ngapi, na je, Stilton, ile jibini yenye mishipa ya buluu, inapatana na achari? Ningependa pia nisiikosee desturi ya kale ya wakulima.

Jibu la kwanza
Ndugu, aina tatu zinatosha, na ya kwanza iwe Cheddar iliyokomaa. Achari ina ukali wa siki na chatne ina utamu mzito, hivyo jibini changa ikiwekwa kati yao haisikiki kabisa mdomoni. Tafuta iliyoandikwa West Country Farmhouse Cheddar, ambayo ni sharti itengenezwe Somerset, Devon, Dorset au Cornwall na ikomazwe kwa miezi isiyopungua tisa. Ukiibonyeza kwa kidole humeguka badala ya kupinda, na pengine utakuta chembe nyeupe zinazotafunika kama chumvi ya mawe. Hizo si kasoro, ni dalili ya ukomavu. Ya pili iwe ya kuvunjikavunjika na yenye uchachu mwepesi, kama Caerphilly ya Wales, ili ulimi upumzike. Red Leicester hupendeza machoni, lakini wekundu wake ni wa mbegu za mzingefuri tu, na mimi nisingeipa nafasi ya tatu.

Jibu la pili
Nafasi hiyo ya tatu naiombea Stilton. Hutengenezwa Derbyshire, Leicestershire na Nottinghamshire pekee, hata kijiji cha Stilton chenyewe, kilichoko Cambridgeshire, hakiruhusiwi kuitengeneza kwa jina hilo. Mishipa yake ya buluu hutokea baada ya jibini kutobolewa kwa sindano ndefu, hewa ikaingia na ukungu ukaota ndani. Usiiweke karibu na vitunguu, kwa maana siki huiharibia ladha. Itenge upande wa tufaha na seleri. Tena nakusihi uzitoe jibini zote kwenye friji saa moja kabla ya kula, zikiwa zimefunikwa, kwani jibini yenye baridi kali haina harufu.

Jibu la tatu
Kuhusu desturi, usiwe na hofu. Ni kweli kwamba wafanyakazi wa mashambani walikula mkate na jibini kwa bia tangu zamani, lakini jina hilo lilienezwa na wafanyabiashara wa jibini katika miaka ya 1950, walipotaka watu wairudie jibini baada ya mgao wa chakula kukoma mwaka 1954, na Milk Marketing Board, yaani bodi ya kuuza maziwa, ikalitangaza zaidi miaka ya 1960. Kadiria gramu 100 kwa kila mtu, na ukate mapande manene.

Muulizaji
Nawashukuru nyote kwa dhati. Nitachukua gramu 300 za Cheddar, 150 za Caerphilly na 150 za Stilton, ambayo nitaiwekea kisahani chake mbali na vitunguu.