Mwanangu wa darasa la pili anaiba, mwalimu kasema ana dalili za ujambazi. Nifanyeje?

MamaK_Tegeta: Wakuu habari za jioni, naombeni ushauri nimechanganyikiwa. Mwanangu ana miaka 8, tangu mwezi wa tatu anachomoa hela kwenye mabegi ya wenzie, anadanganya huku anakuangalia usoni, wiki iliyopita kampiga mwenzie na rula mpaka damu. Mwalimu wake kaniambia mbele ya wazazi wengine kuwa huyu ni jambazi mtarajiwa. Mtoto mdogo hivi anajulikana kweli?

Chuma_Mboga: Fimbo dada. Mi niliiba nazi ya jirani, mzee akanifunga kwenye huohuo mnazi mpaka magharibi, leo nikiokota hata mia naitangaza mtaa mzima 😂

Mwl_Mstaafu: Nimefundisha madarasa ya chini miaka 26. Wizi, uongo, kuonea wenzie, vikija kwa pamoja mapema hivyo usivipuuze, ila wengi huacha. Kule Dunedin, New Zealand, wamefuatilia watoto 1,037 waliozaliwa 1972 na 1973 hadi utu uzima, walioanza utotoni wakaendelea ukubwani walikuwa kundi dogo tu. Mimi huwa nauliza imeanza lini. Mwezi wa tatu kulitokea nini nyumbani?

MamaK_Tegeta: Hakuna kitu mwalimu. Nshaamua aende bweni, nusu ada tumeshalipa.

Binti_Pangani: Bweni mtoto wa la pili? Si serikali ilipiga marufuku 2023, chekechea mpaka la nne?

MamaK_Tegeta: Wanapokea kimya kimya. Mnaongea tu, hamjui navyohangaika.

Mwl_Mstaafu: Umesema tumelipa. Wewe na nani?

MamaK_Tegeta: Na mwenzangu, tumeanza kuishi wote mwezi wa tatu. Ni mkali, mtoto akikosea anamchapa na waya wa chaji, ila kodi analipa yeye na ada katoa yeye.

Chuma_Mboga: Hapo hapana dada. Nafuta ile ya fimbo.

Jicho_la_Tatu: Chai hii. Kila akiulizwa anaongeza kipande, bweni, mara mwanaume, mara waya. Mnapigwa na mtu anatafuta wachangiaji.

Binti_Pangani: Ikiwa chai tumepoteza bando. Ikiwa kweli je?

MamaK_Tegeta: Natamani ingekuwa chai kaka. Jana nafagia uvunguni kwake nimekuta kopo la maziwa, ndani 8,650 sarafu tupu, hajanunua hata ubuyu. Namuuliza za nini, kakaa kimya weeee, mwisho akasema nauli ya kwa bibi Korogwe.

Mwl_Mstaafu: Mama, bweni achana nalo. Asilale tena nyumba moja na huyo mtu. Piga 116, simu ya msaada kwa watoto, sasa hivi, ni bure, asubuhi nenda ustawi wa jamii. Na Korogwe mpeleke wewe mwenyewe.

MamaK_Tegeta: Nimemhamishia kwa jirani, kalala na kopo lake. Napiga.